Kinda apandishwe au atolewe kwa mkopo?

Klabu kubwa ya Kampala ikishapata kinda mwenye kipaji, njia ni mbili: impandishe moja kwa moja kikosi cha kwanza, au imtoe kwa mkopo timu ndogo.

Njia ya kwanza klabu ya KCCA waliifuata chini ya kocha Mike Mutebi, na Allan Okello ndiye mfano wake: alitoka timu ya vijana, akapewa namba Lugogo, uwanja wa nyumbani wa KCCA, na Januari 2020 akatua Paradou ya Algeria. Lakini Mutebi alikuwa na moyo wa kuvumilia makosa ya vijana. Wengi hawana. Timu inayowania ubingwa ikipoteza mechi mbili, dogo ndiye wa kwanza kurudi benchi, kisha anaingizwa dakika ya 88 kula muda. Hapo hajifunzi kitu.

Mkopo unampa dakika, tena dakika za kukomaza: viwanja vya vumbi, mabeki wazoefu wanaopiga kiwiko refa akigeuka. Ubaya wake? Posho huchelewa, na klabu mama humsahau.

Winga ningempandisha leo leo. Kipa na beki wa kati waende mkopo msimu mzima, ila mkataba utaje nani anawalipa.