Kebo ya siriali ya OTG: kazi safi, chaji ndo kilio

Natumia hii kebo ya OTG (yaani ya kuchomeka vifaa kwenye simu), ya USB kwenda siriali, ile poti ya kizamani inayotuma data biti moja moja, yenye kichwa cha pini 9 upande wa pili, kuunganisha simu na risiva ya GPS na saa nyingine skana ya bakodi. Kwa kazi yenyewe sina ugomvi nayo, data haikatiki, ndani kuna FT232R, chipu ya upande wa USB, na simu iliitambua palepale. Shida ni chaji aisee.

Wengi wanadhani waya ni waya tu hauli kitu. Sasa humo kwenye kile kichwa kinene kuna chipu mbili, hiyo ya USB inakula kama 15 mA (miliampia) ikiwa macho, halafu kuna MAX232 inayogeuza volti 5 ziwe zile chanya na hasi za RS-232 (kanuni ya umeme ya poti za siriali), nayo inataka mA 8 mpaka 10, na hapo hujatuma hata herufi moja! Tena laini ya RS-232 ikiwa kimya ndo inakaa kwenye volti hasi muda wote, kwahiyo umeme unapita tu. Nikachomeka mita ya USB katikati, inacheza kwenye 25 mA, nikapandisha spidi toka biti 9600 kwa sekunde mpaka 115200, wapi, ni yaleyale, labda kile kijitaa cha kebo kikiwaka ndo inaruka kidogo.

Utasema 25 ni kidogo. Piga hesabu: kwa volti 5 ni miliwati 125, iache usiku na mchana ni wati-saa 3, na betri ya 3000 mAh ina kama 11 tu. Robo na ushee imeondoka, hapo hatujagusa simu yenyewe ambayo hailali kwa sababu app imeshikilia poti (hili la zamani sana, enzi za Palm, vile vikompyuta vya mkononi vya betri 2 za AAA, waandika programu walikuwa wanaambiwa wafunge poti ya siriali wakimaliza, maana inanyonya betri). Na simu nyingi ukishachomeka OTG huwezi kuchaji.

Kilichoniudhi zaidi, ukifunga app FT232R inalala vizuri kabisa lakini mita inagoma kwenye 9 hivi, haishuki, kwasababu MAX232 haina pini ya kuizima. Wangeweka MAX3232, ya kazi hiyohiyo, ikiwa haina mzigo inakula mA 0.3 tu, au MAX3222 ambayo unaweza kuizima kabisa. Huu ni ubahili tu wa mtengenezaji, sioni sababu nyingine. Na kama kifaa chako ni vile vya kizamani vinavyojichotea umeme kwenye DTR au RTS (laini za ishara za hiyo poti), ongeza na huo.

Kwa kazi ya dakika chache mezani chukua tu. Kwa kushinda nayo nje tafuta yenye chipu ya kuzimika, au uwe unaichomoa kila ukimaliza, kufunga app peke yake haitoshi. Nyota 3 kati ya 5.