TAHADHARI: Ajenti wa "mama wa kubeba mimba" anayezunguka Nakuru na Kisumu

Wadada, na nyinyi wanaume mnaotafuta mtoto kimyakimya, someni hii kabla hamjatuma hata shilingi.

Kuna mama anajiita ajenti. Ukurasa wake wa Facebook una picha ya miguu ya mtoto mchanga. Anaahidi kukutafutia mwanamke wa kukubebea mimba, na mtoto akizaliwa cheti kitoke na jina lako "bila kuzungushwa kortini". Mimi na mzee wangu tumekaa miaka tisa bila mtoto. Hilo neno la korti ndilo lililotumaliza.

Nilituma 48,000 za "usajili na kupima damu" nikiwa hapa Nakuru. M-Pesa ikarudisha jina la duka la chakula cha kuku. Nilipouliza, akasema ni tili ya bwanake. Nikameza. Ukiwa na hamu ya mtoto unameza mengi.

Tukaitwa Kisumu, hoteli ndogo pale Kondele. Alikuja na msichana na mkataba wa kurasa nne. Muhuri wa wakili ulikuwa mbichi hadi wino ukanipaka kidoleni, na haukuwa na jina la wakili yeyote. Ukurasa wa tatu ulisema siku ya kujifungua msichana atalazwa kwa kitambulisho changu, kwa jina langu.

Ajenti alipotoka nje kupokea simu, msichana akaniuliza polepole: "Dada, wakinipasua nipate shida, nani atalipa? Na mkimkataa mtoto?" Nikapekua kurasa zote nne. Hakuna. Yeye ameahidiwa laki tano. Mimi nimeambiwa milioni moja na laki mbili. Mkononi alikuwa amepewa nauli tu, ya kutoka Mumias.

Binamu yangu ni wakili wa kweli. Alisoma ule mkataba akacheka, kisha akaacha kucheka. Aliyezaa ndiye anayeandikwa mama, hata kama yai ni lako. Baada ya hapo ni kuasili, na kuasili ni kazi ya korti, si ya muhuri. Kulaza mtu kwa jina la mwingine ni udanganyifu, na mtoto aliyelipiwa hivyo anaweza kukuingiza kwenye sheria ya ulanguzi wa binadamu ya 2010: miaka 30 jela au faini ya milioni 30. Akanikumbusha kesi ya 2014 ya mapacha waliozaliwa kwa njia hii: hospitali haikujua iandike mama yupi, na maafisa wakawapeleka watoto kwenye makao. Jaji Mumbi Ngugi aliona haki za familia zimekiukwa, lakini akasema pia kwamba nchi haina sheria ya jambo hili. Muswada wa mbunge Millie Odhiambo wa 2022 nao hautaki kubeba mimba kuwe biashara.

Nilipodai pesa zangu, nikablokiwa. Nimeripoti DCI, polisi wa upelelezi, ndiyo maana sitaji jina hapa. Kama umetuma kwa tili ya chakula cha kuku, niandikie inbox, tuunganishe ripoti. Na mwingine akikutajia kliniki au wakili, tafuta jina mtandaoni: kliniki kwenye rejista ya KMPDC, baraza la madaktari, na wakili kwenye ya LSK, chama cha mawakili. Ni bure.

Na wewe msichana wa Mumias, kama unasoma hii, namba niliyokuandikia kwenye tishu bado iko hewani.