Nilikwenda kung'oa gego, nikaulizwa mpaka dawa za moyo

Jamani mie nilikwenda kung'oa gego tu, kliniki moja huku Mwanakwerekwe, nafika napewa fomu, sukari unayo, presha, pumu, moyo, dawa gani unameza, dawa gani inakudhuru. Nikaweka tiki hapana hapana hapana nimalize, jino linaniuma toka juzi usiku nani ana subira hiyo.

Daktari, mwanamke mpole hasa, akaisoma yote halafu akanambia mamangu hebu nioneshe dawa unazotembea nazo mkobani. Nikatoa pakti ya aspirini ile ndogo ya kila siku nilopewa kwa ajili ya moyo. Akacheka, "Na hii je?" Mie najua jino na moyo wapi na wapi! Kumbe aspirini inafanya damu ichelewe kuganda, hapo ndo nikakumbuka mwaka juzi nilivong'olewa pahala pengine bila kuulizwa kitu, nikalala na kitambaa mdomoni mpaka adhana ya alfajiri.

Wala hakunambia niiache, tena kanikataza nisiiache kwa akili yangu. Kanipima presha, kang'oa, kanishona nyuzi mbili, kanipa pamba niiume nusu saa. Nafika kituo cha daladala damu ishakata.

Ubaya wao foleni, na feni la mapokezi linapiga kelele kama jenereta. Nikirudi kuziba lile la juu naenda na bwana, yule ana sukari na anaficha.