Likizo ya anayeuguza hapa Ujerumani: chukueni kwa saa

Mwaka wa tatu huu namuuguza mama mkwe hapa Hamburg. Kiharusi kilimwacha upande mmoja hauna nguvu. Kumuogesha, kumlisha, kumgeuza usiku, yote yangu, maana mume wangu yuko kazini. Bima ya utunzaji ilimweka daraja la 3 la uhitaji wa utunzaji, kila mwezi tunaingiziwa yuro 599. Nikadhani ndizo hizo tu.

Kumbe kuna fungu jingine. Wenyewe wanaliita Verhinderungspflege: ukiumwa, ukisafiri au ukichoka tu, bima inalipia mtu akushikie nafasi. Tangu Julai 2025 limeunganishwa na lile la kumlaza mgonjwa kwa muda kwenye nyumba ya wazee, jumla yuro 3,539 kwa mwaka, kuanzia daraja la 2. Zamani lazima uwe umeuguza miezi 6 kwanza. Sharti hilo limefutwa.

Mara ya kwanza niliyakoroga. Nilikuwa na harusi ya mdogo wangu Tanga, tukampeleka nyumba ya wazee wiki 2. Kitanda chenyewe nilikipata baada ya kupiga simu nyumba 11. Kisha ikaja ankara: bima inalipa utunzaji, chakula na malazi ni juu yenu. Na zile 599, kwa siku alizolala kule, zikakatwa nusu. Mama akarudi kanuna, hata chai yangu hataki.

Sasa natumia kwa saa. Kila Alhamisi jirani mstaafu anakaa naye saa 4, namlipa yuro 15 kwa saa. Hata cheti haulizwi. Ukitoka chini ya saa 8 kwa siku, hela ya mwezi haiguswi, wala siku hiyo haihesabiwi kwenye wiki 8 ambazo bima inalipia kwa mwaka. Hili kwenye simu ya bima hakuna aliyeniambia. Nililisikia kwa mama mmoja Mkongo, kliniki. Angalieni tu: akishika ndugu wa karibu au mnayeishi naye, malipo yanashuka, kwetu hayapiti hela ya miezi 2 kwa mwaka, labda aonyeshe nauli na gharama nyingine.

Alhamisi ya kwanza sikujua hata niende wapi, nikalala garini hapo hapo nje.

Fungu hili nalipa nyota 4. Ya tano nimeizuia: risiti za Septemba zimelipwa Novemba, na jirani hasubiri bima, unatanguliza mfuko wako.