MicroSquirt kwenye Hilux ya 22R-E: uzoefu wangu kati ya Mbeya na Dar

Boksi la MicroSquirt, kompyuta ndogo ya kuamuru mafuta na cheche za injini ambayo unaipangia namba mwenyewe, limekaa kwenye Hilux yangu ya 1989 muda wa kutosha sasa, naweza kulisemea bila ushabiki. Linafanya kazi. Gari haijawahi kuwaka vizuri hivi tangu niinunue. Ila msiwasikilize wanaosema unafunga, unapakia ramani (majedwali ya namba) ya mtu mwingine, unaondoka. Hasa kama unaishi Mbeya na mizigo yako inashuka Dar.

Injini ni 22R-E, lita 2.4, silinda nne. Gari ilizaliwa na 22R ya kabureta. Aliyeniuzia alikuwa ameshaipandikizia hii ya nozeli, mtumba wa Sharjah, ikaja na kontroli boksi lake na kipima hewa cha kibao. Wanaozijua injini hizi wanajua ugonjwa wake. Hewa inayoingia inasukuma kibao, kibao kinazungusha mkono mdogo unaosuguana na njia ya kaboni. Njia hiyo ikilika, boksi linapokea taarifa za kurukaruka, na sailensa, yaani mizunguko ya injini usipokanyaga mafuta, inapanda na kushuka yenyewe. Cha kwangu kilikuwa kimeshafunguliwa: kifuniko cheusi kimepakwa silikoni upya, na gurudumu la meno linaloshikilia springi limesogezwa na mtu aliyetaka gari ipate mafuta. Iliyapata. Kwa lita moja nilikuwa nakwenda kilomita sita, saba nikibahatika, na plagi zinatoka na masizi matupu.

Kipima hewa kipya cha injini ya umri huo bei yake haina aibu, na cha mtumba ni kamari ileile. Ndipo nikaagiza MicroSquirt. Nilipomwambia fundi wangu wa umeme pale Mwanjelwa kwamba kipima hewa tunakitupa, aliuliza swali la maana kuliko yote niliyoulizwa katika kazi hii: "Sasa kaka, hewa itapimwa na nani?"

Haipimwi, inakokotolewa. Sensa moja inasoma presha iliyomo ndani ya manifoldi (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda), nyingine inasoma joto la hewa, na boksi linajua mizunguko ya injini. Kilichobaki kimo kwenye jedwali la visanduku 16 kwa 16: upande mmoja presha, upande mwingine mizunguko, na ndani ya kila kisanduku namba inayosema silinda inajaa hewa kwa kiasi gani katika hali hiyo. Kutyuni, kwa sehemu kubwa, ni kuzilazimisha namba hizo 256 ziseme kweli.

Kwenye kufunga sitakaa sana. MicroSquirt haina sensa ya presha ndani yake, unanunua ya pembeni na mpira wake. Ina njia mbili za nozeli, kwa hiyo nozeli nne zinafungwa mbilimbili. Kama ukinzani wa nozeli ni mdogo weka rezista, la sivyo utaliunguza boksi. Pampu ya mafuta, ambayo zamani swichi yake ilikuwa ndani ya kipima hewa, sasa inaamriwa na boksi kupitia rilei. Ile vali ya nta iliyo chini ya trotoli, inayoongeza hewa asubuhi na kujifunga maji yakipata moto, iacheni ilivyo. Haitaki umeme wala ramani. Na ethi (waya hasi) za sensa zote zirudi kwenye boksi, zisishikizwe kwenye bodi ya gari, maana usomaji ukianza kucheza utamlaumu kila mtu isipokuwa ethi.

Hatua inayohitaji maneno zaidi ni sensa ya joto la maji, kwa sababu maelekezo mengi yanadhani uko pwani. Unaifundisha programu ya laptopu kwa nukta tatu: joto, na ukinzani wa sensa kwenye joto hilo. Barafu inayoyeyuka ndani ya maji ni sifuri. Maji ya bomba unayapima kwa kipimajoto. Ya tatu ni maji yanayochemka, na hapo watu huandika 100. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Tuliweka sufuria kwenye jiko la mkaa, sensa inaning'inia kwa waya isiguse chuma, fundi anasoma ohmu kwenye mita, mimi nashika kipimajoto. Maji yalitokota, mapovu juu, kipimajoto kikagota kwenye 94 na hakikusogea tena. Ukiandika 100 hapo, boksi litaamini injini ina joto kuliko ilivyo, na litaondoa mafuta ya nyongeza ya asubuhi kabla ya wakati. Halafu utashangaa kwa nini gari inazimika getini mwezi wa saba.

Baada ya hapo ni taimingi, yaani cheche ipigwe lini. Unaliamuru boksi lishikilie digrii ileile bila kuibadilisha, unamulika puli kwa taa ya taimingi, unarekebisha mpaka taa na skrini vikubaliane. Jedwali la mafuta lisiguswe kabla ya hapo.

Programu ni TunerStudio. Toleo la bure linatosha kuingiza namba kwa mkono, lakini kinachosahihisha jedwali chenyewe gari ikitembea kipo kwenye toleo la kulipia, na mimi nasema lipeni. Kitu hicho hakina maana bila sensa pana ya oksijeni, inayosoma kwenye moshi uwiano wa hewa na mafuta. Yangu ni Bosch LSU 4.9, imefungwa kwenye bomba la ekzosi kwa mwinamo ili maji yasiikalie. Boksi linazungumza kwa RS232, mlango wa data wa zamani, kwa hiyo tafuteni kebo ya kugeuzia USB yenye chipu ya FTDI. Laptopu ishikwe na abiria. Anayeendesha aendeshe.

Barabara ya Uyole kwenda Igurusi ilinipa safari tulivu, nikalenga 14.7 ya hewa kwa mafuta. Mlima wa kwenda Chunya ulinipa kuvuta, nikalenga 12.8 hivi. Kuwasha kwa baridi ndiko kulikokula muda, kwa sababu injini inapoa kweli mara moja tu kwa siku: unabadilisha namba jioni, unasubiri alfajiri ikujibu.

Sasa jambo ambalo sikuliona likielezwa popote kwa lugha ya mtu anayeishi mlimani. Presha ya hewa ya Mbeya ni kama kilopaskali 83. Ukanyage mafuta mpaka chini, manifoldi haitavuka hapo, maana nje kwenyewe hakuna zaidi. Safu za juu za jedwali, za 90 na 100, hazijaguswa kabisa. Gari inatembea vizuri mwezi mzima na zile namba za juu bado ni za kubuni. Ukishuka, ndizo utakazozitumia.

Kabla ya safari nilizipandisha safu hizo kufuata mteremko wa zile za chini, nikaongeza mafuta kidogo juu yake, na nikapunguza taimingi. Hewa nyepesi inasamehe taimingi ya mbele. Hewa nzito inagonga. Makambako na Mafinga hakuna geni, bado uko juu. Baada ya kushuka mlima Kitonga, kwenye tambarare za Ruaha Mbuyuni, ile nukta inayotembea juu ya jedwali kwenye skrini ikaanza kupanda safu ambazo sikuwahi kuiona ikizikanyaga. Mafuta yalikuwa mengi, kama nilivyokusudia, na programu ikawa inayapunguza kisanduku baada ya kisanduku hadi Chalinze. Taimingi haiirekebishi, hiyo ni sikio lako. Kwenye gia ya mwisho, mzigo nyuma, mizunguko midogo, nilisikia injini ikigonga kwa sauti nyembamba, tukasimama nikatoa digrii mbili pale tu. Kurudi kwa kupanda Kitonga ni darasa tosha: mguu hauinuki na presha inashuka safu kwa safu kadiri unavyopanda.

Sasa napata kilomita tisa kwa lita nikiwa sina mzigo mzito. Gharama, ukijumlisha boksi, sensa, usafirishaji na ushuru, imevuka milioni mbili. Kama kipima hewa chako bado kizima, fedha hiyo ifanyie mengine. Kama kimekufa na una laptopu na fundi asiyeogopa kuuliza, sijaona njia bora.

Tatizo lililobaki ni la njiani. Fundi wa Mikumi au Makambako akifungua boneti ataanza kutafuta kipima hewa, hatakiona, na mashine yake ya kupimia haitasoma chochote. Nimebandika mchoro wa nyaya ndani ya boneti, na chini ya siti kuna sensa ya presha ya akiba na kipande cha mpira wake.