Simu ya 21,500 na simu ya laki na nusu mbele ya mkono wenye hina

Kazi yangu ni hina. Nachora maharusi hapa Lamu, Langoni na Mkomani, na mara nyingine naitwa Shela, napanda boti na koni zangu za hina kikapuni. Duka sina. Duka ni simu: maua yangu yako kwenye status ya WhatsApp, malipo ni M-Pesa, na bibi harusi akitaka kuchagua namtumia albamu. Simu yenyewe ni Samsung Galaxy A15, niliyoinunua shilingi 21,500 kwenye duka moja la usita wa mui, njia kuu ya mji wetu. Bibi harusi, mikono na miguu, hunilipa elfu nne, kwa hivyo simu hii imekula maharusi watano na kitu. Nikiulizwa kama inastahili bei hiyo, nasema inastahili. Zile za laki na nusu ndizo zenye maneno.

Nianze na kamera, maana ndiyo inayonilisha. Kamera kubwa ya A15 ni ya megapikseli 50, ingawa kwa kawaida simu huunganisha nukta nne kuwa moja, ukapata picha ya 12 na nusu. Hazinihusu sana hesabu hizo. Kazi yangu inataka rangi. Hina ikibanduliwa huwa ya chungwa, na siku ya pili ndiyo huiva ikawa kahawia iliyokolea. Simu isiyojua kutofautisha chungwa na kahawia inaniharibia jina. Ile niliyokuwa nayo kabla ya hii, jina lake siliweki hapa, ilikuwa na ugonjwa wa kumfanya kila mtu mzungu. Mkono wa maji ya kunde unatoka mweupe, hina inatoka kama pilipili manga iliyomwagwa kwenye unga. Tena ilikuwa na ule urembo wa kulainisha ngozi ambao hata ukiuzima haukubali kuzimika sawasawa: ikiona mstari mwembamba inadhani ni kunyanzi, inaufuta. Mteja mmoja alinipigia kuniuliza mbona vikonyo vya maua vimekatika. Havikukatika, bibi. Vimelainishwa.

Jambo hili watengenezaji wanalijua. Transsion, kampuni ya Shenzhen inayotengeneza Tecno, Infinix na itel, imeteka soko la Afrika kwa mambo kadhaa, na mojawapo ni kuzirekebisha kamera za Tecno zisome ngozi nyeusi. Google nao mwaka 2021 walipotoa Pixel 6 walikuja na mpango wao walioupa jina Real Tone, kwa shida hiyo hiyo. Kwa hivyo ngozi yetu kutoka vizuri kwenye picha hakutaki lazima ulipe zaidi. Kunataka aliyetengeneza simu awe aliikumbuka. A15 kwenye kivuli cha mchana inanitosha kabisa: kahawia inabaki kahawia. Kile kijicho cha tatu cha megapikseli 2, cha kupigia vitu kwa karibu sana, ni pambo. Nasogea nyuma hatua moja, navuta kwa kamera kubwa, mistari inatoka mikali zaidi.

Sasa hizo za laki na nusu. Kwenye harusi moja Mkomani wifi wa bibi harusi alikuwa na iPhone 16 Pro Max. Simu hiyo ilipotoka mwaka 2024 ilianzia dola 1,199 huko Marekani, na dola ikiwa kama shilingi 129 hizo ni zaidi ya 154,000 kabla ya kodi na nauli. Tulikuwa tumekaa kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, alasiri.

"Hebu piga na kwa yangu," akaniambia, "uone simu."

Nikapiga mkono ule ule, mwanga ule ule, kwake na kwangu. Tukamtumia picha zote mbili mama wa bibi harusi aliyekuwa ndani. Akatujibu kwa sauti, tukamsikia mpaka nje: "Mbona mwaniletea picha moja mara mbili?"

Sababu yake si uchawi. WhatsApp hukamua picha kabla ya kuituma. Tangu Agosti 2023 kuna kitufe cha HD cha kutuma picha nzito zaidi, lakini wangapi mnakibonyeza? Anayetazama status yangu anaitazama kwenye kioo cha kiganjani, kwa bando la kubana. Tofauti ya shilingi 130,000 ilifia njiani kati ya daka na chumba cha ndani.

Usiku mambo yaligeuka, na sitaki kudanganya. Baada ya isha, kwa zile taa za rangi za kesha, yangu ilitoa chengachenga kama samli iliyoganda, na yake ikaonyesha kila jani. Kihisio cha kamera yake ni kikubwa, kinakusanya mwanga mwingi. Anayepiga picha za usiku kwa kulipwa ana haki ya kuitaka simu ile. Mimi kuifikia ningehitaji kuchora maharusi zaidi ya 30 wa nyongeza, na Ramadhani hakuna harusi.

Kamera ya mbele, inayotangazwa sana, mimi kwangu haina kazi. Shughuli zetu za wanawake hazipigwi picha. Kuna nyumba simu zote hukusanywa mlangoni. Mimi hupiga mkono na mguu tu, kwa ruhusa, na uso wa mtu hauingii.

Kuna vitu vilivyonichekesha. Apple waliondoa chaja kwenye boksi mwaka 2020 na iPhone 12, Samsung wakafuata mwanzo wa 2021 na Galaxy S21, ambayo pia ilikuja bila mahali pa kutia memori kadi. A15 ya bei ndogo ina nafasi ya memori kadi na tundu la earphone. Yaani ukipanda bei unaongezewa kamera, unapunguziwa matundu. Kidogo hicho cha kadi kwangu ni kikubwa: maua yangu ya miaka yote yamo humo, simu ikifa nayatoa.

Alama ya kidole iko kwenye kitufe cha ubavuni. Kidole chenye hina iliyokauka haikitambui katu, kwa hivyo niliandikisha kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kisichogusa koni. Nawaachia maujanja hayo wachoraji wenzangu.

Maji je? A15 haina kinga ya kuzama, na hilo ndilo ninaloliona pungufu lake kwa mtu wa kisiwani. Ila msidanganyike na IP68, ile alama ya kinga ya maji, ya zile za ghali. Kipimo hicho hufanywa kwa maji baridi yasiyo chumvi, na dhamana nyingi hazilipi simu iliyoingia maji. Na chumvi ya huku haingoji uzame. Upepo wa kusi peke yake uliitia kutu tundu la chaji la simu yangu ya zamani, na fundi akaagiza kifaa Mombasa. Nikalipa kifaa, nauli, na ufundi. Siku hizi tundu nimelitia kizibo cha mpira, cha bei ya kikombe cha kahawa.

Kodi nayo imo ndani ya bei. VAT ni asilimia 16, na Julai 2022 simu zinazoingizwa nchini ziliwekewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10. Serikali inatuambia kila kitu sasa ni mtandaoni, kisha inatoza mlango wa kuingilia. Simu zilizounganishwa hapa nchini, Athi River, zilipotoka mwaka 2023 zilianzia shilingi 7,499, na kwa anayetaka M-Pesa na WhatsApp ya maneno hiyo ilikuwa bei ya maana. Kwa kazi ya picha, hapana.

Mkopo ndio wizi. Binti wa dada yangu alichukua simu kwa kampuni moja ya kulipa kidogo kidogo: elfu tatu ya kuanzia, kisha shilingi 90 kwa siku, mwaka mzima. Pigeni hesabu: 32,850 na 3,000, jumla 35,850, kwa simu ambayo taslimu ilikuwa kama elfu ishirini. Akichelewa siku moja inajifunga, hata kupokea mteja hawezi. Nikamwambia, mwanangu, tungecheza mchezo, ule wa kuchangiana pesa kwa zamu, na wenzio ukaichukua zamu ya kwanza.

Hesabu yangu mimi ni ya miaka. A15 ilitangazwa Desemba 2023 na ahadi ya miaka 5 ya masasisho ya usalama. Ikidumu mitano ni shilingi 4,300 kwa mwaka. Galaxy S24 Ultra ya dola 1,299 iliahidiwa miaka 7. Igawanye: kila mwaka inapita shilingi 23,000. Ni simu yangu nzima, na chenji.

Wengi mnaniuliza kuhusu iPhone za mtumba zinazoletwa kutoka Mombasa. Zingine ni nzuri, sikatai. Angalia afya ya betri, ikiwa chini ya asilimia 80 hesabu na bei ya betri mpya. Bonyeza *#06#, namba itakayotokea ilingane na ya kwenye boksi. Kisha toka nayo mpaka mlangoni, nje ya zile taa nyeupe za duka, upige kiganja chako kwa mwanga wa Mungu. Muuzaji akikataa usitoke nayo, mrudishie.