CHF Iliyoboreshwa (Mfuko wa Afya ya Jamii) kwa Anayeishi kwa Akiba Mwanza: Inafaa, ila Jua Inapoishia

Aliyeacha kazi akiwa na miaka 50 hajafika 55, umri wa kustaafu kwa hiari, na mshahara uliokuwa ukikatwa 3% ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya), mwajiri naye akiongeza 3%, haupo tena. Michango ikikoma, kadi haifanyi kazi. Msamaha wa gharama za matibabu kwa wazee nao bado uko mbali: Sera ya Afya ya 2007 inawalenga wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na mwenye akiba benki asitarajie kuhesabiwa humo.

Kama mwenza wako ni mtumishi wa umma, usilipe popote kwanza. NHIF humhudumia mchangiaji, mwenza na wategemezi wanne. Mwambie akuandikishe kupitia kwa mwajiri wake.

Asiye na njia hiyo tunamshauri aanze na CHF iliyoboreshwa, kwa sababu moja kubwa: haikuulizi kipato wala salio. Ada yake iliyozoeleka mikoani ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inabadili mambo mengi, kwa hiyo thibitisha utaratibu na kiwango cha sasa kabla ya kulipa, na udai risiti.

Ulizia ofisi ya serikali ya mtaa nani ni afisa mwandikishaji. Anaandikisha kwa simu na kumpiga picha kila mwanakaya. Simama pembeni yake usome majina kwenye kioo kabla hajatuma. Masanja akiandikwa Masanje, tatizo litajitokeza kwenye dirisha la hospitali siku mtoto ana homa, wakati jina la kadi halifanani na la kitambulisho.

Kinachowaumiza wengi ni ngazi ya rufaa. Unaanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha Sekou Toure, hospitali ya rufaa ya mkoa, ukiwa na karatasi ya rufaa mkononi. Kadi inaishia hapo. Hospitali ya Bugando ni ya kanda, na huko ndiko wagonjwa wengi wa saratani na wa kusafishwa figo wanakopelekwa. Mwenye maradhi ya aina hiyo aulizie vifurushi vya NHIF vya watu binafsi mapema, japo ni ghali zaidi. Na wa Ukerewe akumbuke kwamba rufaa ikitoka, nauli ya meli kutoka Nansio ni juu yake.

Dawa ndiyo kasoro inayotuudhi zaidi. Stoo ya kituo ikiwa tupu, unaambiwa ukanunue duka la nje, na fedha hiyo hairudi. Ukiandikiwa dawa, mwombe daktari aulize famasi kabla hujatoka chumbani. Mara nyingi ipo nyingine ya kundi hilohilo. Wa presha na sukari aweke akiba ya fedha za dawa za miezi miwili kando ya ada.